Mstari wa Mwisho wa BT-07

Saa ya ukutani mliyonizawadia siku ya kuniaga haiko sebuleni kwangu Butimba. Najua wawili kati yenu mlipokuja kunijulia hali mliitafuta kwa macho, mkaona kalenda ya kanisa na picha ya marehemu mume wangu, mkanywa chai mkanyamaza kwa adabu. Sikuiuza wala sikuivunja. Nitawaambia iliko, ila mnivumilie nianze mbali, maana njia ya kufika kwenye saa hiyo inapita katika miaka yangu yote ya kukaa mbele ya skrini nikichuja maandishi.

Habari za vyeo naziruka. Barua zake zimo kwenye faili, faili liko juu ya kabati, na juu ya kabati sifiki tena bila stuli.

Nilianza kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa kuelekea Misungwi. Chumba cha kompyuta kilikuwa ghala dogo lililozibwa madirisha kwa mbao ili pamba isiingie. Iliingia. Ilitua juu ya kibodi kama ukungu, ikakaa kwenye nyusi zetu, na jioni tulitoka tukiwa wazee wenye mvi. Kompyuta ilikuwa moja, ya mfumo wa Unix, ikiwa na skrini nne zenye maandishi ya kijani. Aliyenipokea ni Bwana Rweyunga, Mhaya mrefu aliyewahi kufundisha hesabu Bukoba. Alivaa tai kila siku, katika kiwanda ambacho meneja mwenyewe alivaa kandambili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unajua kuchapa?"

"Najua."

"Kuchapa si kazi. Kazi ni kusoma. Kaa hapo."

Akaandika amri ya kuorodhesha marobota yote ya pamba ya msimu. Mistari ikapanda kwenye skrini kwa kasi hata macho yangu yakatoka machozi.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mwalimu."

"Vizuri. Wa kabla yako alisema ameona."

Akarudia amri ile ile, safari hii akaongeza mwishoni kijiti cha wima, kisha neno grep, kisha namba ya robota moja. Ukabaki mstari mmoja peke yake katikati ya giza la skrini. Kijiti kile ni bomba, alinieleza: yanayotoka kwenye amri ya kwanza yanapita humo na kuingia kwenye ya pili. Na grep ni chekecheke. Hubakiza mistari yenye neno ulilolitaja, mingine huiacha iende zake. Nje ya ukuta wetu mashine kubwa zilikuwa zikinguruma, zikitenga nyuzi na mbegu, na mimi nikiwa na miaka ishirini na mitatu niliona kwamba ndani na nje ni kazi moja. Sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda dakika ile.

Msimu wangu wa pili, asubuhi moja, cheche iliruka kwenye mtambo wa kuchambulia. Pamba ikishika cheche haiwaki hapo hapo. Cheche hufungwa ndani ya robota, ikakaa kimya, ikala taratibu kwa saa nyingi, kisha ghala zima likaondoka. Kwa hiyo ilitakiwa kuyapata marobota yote yaliyofungwa ndani ya nusu saa ile na kuyatoa nje yapasuliwe. Niliyachuja mimi. Ikabaki mistari kumi na minne, kuanzia 10:20. Karani wa zamu akaunyakua mkono wa simu, akapigia ghalani, akasoma alichokiona: "Toeni ya saa kumi na dakika ishirini mpaka saa kumi na dakika hamsini!"

Watu wa ghalani walifanya walichoambiwa. Saa kumi ni alasiri, na alasiri ya siku hiyo ilikuwa haijafika. Wakatoa marobota ya alasiri ya jana. Sisi tukakaa na amani mchana kutwa, huku ya saa nne asubuhi yakijila yenyewe mita hamsini kutoka tulipokaa. Moshi ulipotoka chini ya mlango tulikimbia na ndoo, pamoja na meneja na kandambili zake. Hakufa mtu. Liliondoka paa la upande mmoja, na tai ya Bwana Rweyunga haikurudi kuwa nyeupe.

Alituita akiwa bado ananuka masizi. "Kuanzia leo hakuna wa kutafsiri saa. Pameandikwa kumi, usiniambie saa kumi wala saa nne. Sema moja, sifuri. Namba kwa namba, kama ilivyoandikwa. Anayesikiliza ndiye atajua afanye nini."

Niliishika amri hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Niliifundisha kila mahali nilipokwenda. Wengi wenu niliwagombeza kwa ajili yake, na karani mmoja alilia.

Miaka ikaenda, Windows ikaingia, nikalazimika kujifunza upya. Nilikuwa na daftari la jalada gumu: ukurasa wa kushoto Unix, wa kulia Windows. Kushoto grep, kulia findstr. Kushoto -v, ya kutupa mistari yenye neno na kubakiza isiyo nalo. Kulia /V, kazi ile ile. Kurasa zilifanana mpaka ukazoea, na ukizoea ndipo unapoangushwa. Grep ukiipa maneno mawili ndani ya alama za mtajo, inatafuta maneno hayo yakifuatana hivyo hivyo. Findstr inaona nafasi iliyo katikati na kuelewa kwamba unataka hili au lile, lolote litakalotokea. Inakumwagia ghala zima. Ukitaka ikuelewe lazima utangulize mkwaju na C, yaani /C, na nukta mbili. Baadaye mkaja ninyi na kompyuta zenu za Mac, ambazo nazo zina grep, ila ni ndugu wa baba mwingine: inaitikia jina, lakini si kila unachoituma itakubali.

Na vyote hivyo vina tabia moja niliyochelewa kuiogopa. Chujio likikosa kitu halisemi limekosa wapi wala kwa nini. Linakurudishia nafasi ya kuandika amri nyingine, basi. Kimya hicho kinafanana sana na jibu.

Kazi yangu ya mwisho mnaijua, maana ndiyo yenu: kampuni ya maboti ya abiria kati ya visiwa na Mwanza. Kwa ajili ya watakaokuja baadaye nieleze kidogo. Kila boti ina kifaa kidogo kinachotuma ujumbe wa redio kila baada ya dakika kumi hivi: jina la boti, mahali ilipo, mwendo. Antena za kwenye mialo, yaani fukwe yanakotia nanga maboti, huudaka, kompyuta ya mwaloni huandika mstari mmoja pamoja na saa yake, kisha huupeleka kwenye seva yetu ya Linux hapa mjini, nayo huuandikia saa yake upya. Kwenye mialo ni Windows. Mtandao ukikatika, mistari inabaki kule kule ilikoandikwa.

Siku hiyo mtandao wa mwalo wa Nyamwali, ng'ambo ya magharibi, ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

BT-07 iliondoka kisiwani saa nne asubuhi ikiwa na watu tisa. Maji yalikuwa yamelala, jua kali. Ilitakiwa kufika saa saba. Saa sita upepo wa mashariki ukaamka, na kutoka dirishani kwetu niliona ziwa likibadilika rangi kipande kwa kipande, kama nguo inayoloana. Saa nane boti ilikuwa haijafika, na simu zote za waliokuwa ndani yake hazipatikani.

Kapteni Onyango, mkuu wa safari, aliingia chumba cha seva na redio mkononi. Alikuwa mtu wa utani siku zote. Siku hiyo hakuwa nao.

"Madam, nipe mahali. Wenye maboti ya uokoaji wamekaa kwenye injini, wanataka mahali."

Nikachuja seva kwa jina la boti, nikabakiza mstari wa mwisho. Ulikuwa wa 11:40, umedakwa na mwalo wa kaskazini. Nikamsomea. Akausema kwenye redio, maboti yakaelekea kaskazini.

"Hiyo ni saa mbili na nusu zilizopita," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Upepo huu haujawaacha pale."

"Najua. Nampigia Mafuru."

Mafuru alikuwa karani wa Nyamwali, Mjita wa makamo, mwenye sauti nzito na vidole vinene visivyopatana na kibodi. Kabla hajapokea, mlango ukafunguliwa. Akaingia mtu mmoja amevaa buti za mpira, na chupa ya chai kaikumbatia kifuani kama mtoto.

"Mwadila, mayo," akanisalimia Kisukuma, akiniita mama. "Wameniambia wewe ndiwe unayeongea na mashine."

Alikuwa Masanja, mfugaji wa Misungwi. Mkewe Kabula alikuwa ndani ya BT-07, akitoka kumuuguza dada yake. Masanja alikuwa amesimama gatini tangu saa sita. Ndani ya chupa mlikuwa na uji.

"Akishuka botini hutapika," akaeleza, ingawa hakuna aliyeuliza. "Akimaliza kutapika anadai uji. Hiyo mashine inamwona?"

"Haimwoni, baba. Inasoma barua za boti."

"Basi isome haraka."

Onyango alitaka kumtoa. Nikasema aachwe. Akasimama nyuma ya kiti changu, nikawa nasikia buti zake zikilia kila alipobadilisha mguu.

Mafuru alipokea saa nane na dakika kumi na sita. Niliiona kwenye pembe ya skrini, na nyingine zote nitakazozitaja niliziona pale pale. Nikaweka simu kwenye spika.

"Mafuru, fungua dirisha jeusi la amri. Andika ninavyosema. Findstr. Acha nafasi. Alama za mtajo. BT-07, nafasi, moja nne, nukta mbili. Funga alama. Nafasi, jina la faili la leo. Bonyeza."

Nilimpa amri ya grep. Mimi, mwenye daftari. Kichwa kilikuwa kwenye ukurasa wa kushoto.

"Mama! Zinamwagika zote! Za boti zote, Mama, hazisimami!"

"Ziache. Kosa langu. Andika tena, ila kabla ya alama za mtajo weka mkwaju, C, nukta mbili."

"Mkwaju unaoegemea wapi?"

"Unaoegemea mbele. Uko kitufe kimoja na alama ya kuuliza."

"Ya kuuliza iko... nimeiona. Nabonyeza." Kitufe kikalia. "Mama, haikuleta kitu."

"Hata mstari mmoja?"

"Hata mmoja. Imerudi pale pa kuandikia."

"Jaribu moja tatu, nukta mbili."

Vidole vyake vilisikika vikitafuta. "Hakuna."

"Moja mbili."

"Hakuna."

Masanja akasogea. "Hakuna nini?"

"Hakuna barua iliyofika kule," nikamwambia. Nilisema *hakuna*, kana kwamba nimekwenda Nyamwali nikaona kwa macho yangu.

"Mafuru, ondoa saa. Chuja kwa jina la boti peke yake. Nisomee saa ya mstari wa mwisho."

"Upo, Mama! Upo! Wa mwisho ni wa saa na—"

"Namba kwa namba!" nikamkatiza. "Usinitafsirie saa. Unanijua."

Akajirekebisha hapo hapo, kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya wageni. "Samahani, Mama. Sifuri, nane. Nukta mbili. Moja, mbili."

08:12. Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. BT-07 wakati huo ilikuwa bado imefungwa kamba kisiwani, abiria hawajapanda.

"Huo ni wa kabla ya safari. Hautusaidii."

"Nisome na mbele yake? Kuna mahali na mwendo."

"Acha. Kaa karibu na simu."

Saa kwenye pembe ya skrini yangu ilisomeka 14:20. Nitake nisitake, imo kichwani mwangu mpaka leo.

Kilichofuata ni kazi ya bidii, na ndiyo sehemu inayoniuma, maana tulifanya kazi nzuri. Nilipigia mialo mingine mitatu. Niliwaongoza makarani amri kwa amri, mkwaju kwa mkwaju, na safari hii sikukosea hata nafasi moja. Nilipitisha seva yote kwenye chujio la kinyume, nikitupa kila boti iliyofika salama, nikitafuta ujumbe uliochafuka njiani. Onyango alisimama dirishani, na kila baada ya muda redio ilikohoa: kaskazini hakuna, tunasonga, kaskazini hakuna. Masanja aliweka chupa yake sakafuni, akaiokota, akaiweka tena.

"Mayo, Kabula hajui kuogelea."

"Nimekusikia, baba."

"Ng'ombe wanaogelea. Yeye hajui."

Kuna kitu kilikuwa kinanikuna ndani. Antena ya Nyamwali haifiki kisiwani kule. Niliisimamisha mwenyewe, najua masikio yake. Ingewezaje kuidaka boti iliyofungwa kamba kisiwani saa mbili asubuhi? Nikajijibu kwamba asubuhi maji yakitulia mawimbi ya redio huruka mbali. Huwa yanaruka kweli. Nilikuwa na jibu zuri, na jibu zuri ni kitanda: unalala.

Lakini lilinikuna tena, nikampigia Mafuru mara ya pili, bila kujua namtakia nini. Simu ilipopokelewa Masanja alikuwa anauliza:

"Saa ngapi sasa?"

Nikatazama skrini: 14:56. "Saa tisa kasoro dakika nne," nikamjibu.

"Hata hapa ndivyo, Mama," Mafuru akasema kwenye spika. "Saa tisa kasoro nne."

"Kwenye simu yako?"

"Simu ninayo sikioni. Hapa kwenye kompyuta."

Nilitaka kusema sawa, nikaendelea na mengine. Midomo ilikuwa imeshafunguka. Sijui nini kilinishika.

"Inasomekaje?"

"Nisome namba kwa namba?" Aliuliza kwa uangalifu, kama anayepita karibu na mbwa.

"Soma, baba."

"Sifuri, nane. Nukta mbili. Tano, sita."

Onyango akageuka kutoka dirishani. Nadhani alielewa kabla yangu. Saa ya Nyamwali ilikuwa inasoma kama watu wanavyosema. Nane ya kwenye kompyuta ya Mafuru ilikuwa ni saa nane yenyewe, ya mchana. Mstari ule wa 08:12 haukuwa wa asubuhi. Ulikuwa umeandikwa dakika nne tu kabla Mafuru hajapokea simu yangu ya kwanza, na alipotaka kuniambia "saa nane na dakika kumi na mbili," kwa kinywa cha mtu wa kawaida, mimi ndiye niliyemfunga kinywa.

"Mafuru. Mstari wa mwisho. Usome wote, mpaka mwisho."

Akausoma. Onyango akanichukulia kalamu akaandika yeye. Mahali: kusini magharibi, mbali kabisa na maboti ya uokoaji. Mwendo: kidogo sana, mwendo wa kitu kinachosukumwa na upepo. Onyango akabonyeza redio akasema geukeni, geukeni, akataja namba mara mbili. Kisha akanitazama. Hajanilaumu mpaka leo.

Masanja alielewa kitu kimoja tu. "Amepatikana?"

"Tumejua alikokuwa saa nane."

"Na sasa?"

"Sasa wanakwenda, baba."

Walifika saa kumi na dakika arobaini. Boti ilikuwa imepinduka, watu wameshika tumbo lake na madumu mawili. Saa ngapi ilipinduka hatujui, ila kifaa kilizimika baada ya ule mstari. Kabula alikuwa hai. Nilikuwepo gatini walipomshusha, amefungwa blanketi, na Masanja alimimina uji kwenye kifuniko cha chupa huku akimwaga nusu yake kwenye buti zake. Kabula alionja, akakunja uso.

"Umepoa," akasema.

"Ningeupashia wapi moto, mke wangu?" Akacheka, akalia, akashindwa kuchagua.

Walipanda tisa, wakarudi wanane. Asiyerudi ni Bahati, fundi wa injini, aliyewapa wengine madumu na yeye akashika ukingo. Nahodha wa boti hiyo alikuwa na saa isiyoingia maji, na alikuwa akiwasomea muda ili wasikate tamaa. Alisema Bahati aliachia saa kumi na robo.

Hesabu ni rahisi. Bwana Rweyunga angeifanya kwa kichwa. Kutoka namba kwa namba ya 14:20 hadi namba kwa namba ya 14:56 nilipoteza dakika thelathini na sita. Saa kumi na dakika arobaini, toa thelathini na sita, unapata saa kumi na dakika nne. Bahati bado alikuwa ameshika.

Wiki iliyofuata nilikwenda Nyamwali nikiwa na hasira ya kutafuta mtu. Nilimkuta Mafuru amesimama nje ya kibanda chake, amevaa shati la kanisani, anangoja kufukuzwa.

"Kwa nini saa yako iko vile?"

"Abiria, Mama." Akanionyesha skrini, imegeukia dirishani. "Wanachungulia hapa kujua saa. Bibi anaona kumi na nne, anauliza hii ni saa gani, anabishana na mimi, boti inamwacha, ananilaani. Nikaenda kwenye ile orodha ya miji ya dunia, nikashuka moja moja mpaka nikakuta mji unaosoma kama sisi. Uko Brazili."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Hata ulipokuja kurekebisha antena ilikuwa hivyo. Uliitazama, Mama. Ukasema, kumbe saa nane imeshafika, tukale."

Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa. Nilikuwa nimeitazama, kweli, kama Msukuma mwenye njaa, nikaisoma vizuri kabisa. Na kwenye seva hakuna aliyeshtuka, maana seva ilikuwa ikiandika saa yake juu ya ile. Kosa lilijificha mpaka siku mtandao ulipokatika. Niliandika ripoti nikaweka jina langu kwenye mstari wa kwanza. Mafuru hakufukuzwa.

Siku ya kuniaga, mshereheshaji alisema niliokoa watu wanane. Mkasimama, mkapiga makofi, mkanikabidhi saa ya ukutani yenye namba kubwa za dhahabu. Nilishukuru nikakaa. Sikuwa na uso wa kutaja wa tisa mbele ya keki. Nawaandikia leo kwa sababu yake.

Juma lililofuata niliifunga saa kwenye kanga, nikavuka daraja la Busisi, nikafika Nyamwali mchana. Mafuru alikuja na nyundo na msumari. Tuliitundika dirishani, ikitazama nje, na tukaiweka kama watu wanavyosema: mchana ukiwa saa nane, mshale uko kwenye nane. Bibi mmoja mwenye kapu la dagaa akachungulia, akaisoma, akaenda zake kukaa bila kuuliza. Kompyuta tukairudisha kwenye saa ya hapa kwetu na skrini tukaigeuzia ndani. Kisha nikamwonyesha Mafuru amri mbili fupi, na ninyi nawaachia hizo hizo: date kwenye Linux na Mac, time /t kwenye Windows. Kabla hujachuja chochote kwa saa, kwanza iulize mashine yenyewe saa ngapi. Kisha umuulize aliyekaa nayo, na umwache ajibu anavyojua.

Zilikuwa zimebaki dakika chache kufika dakika ya mstari ule wa mwisho. Hatukukubaliana kwa mdomo, ila hakuna aliyenyanyuka. Ziwa lilikuwa limelala, boti moja ikija taratibu kutoka visiwani. Dakika hiyo ilipofika, Mafuru akanitazama.

"Nisome, Mama?"

"Soma."

"Moja, nne. Nukta mbili. Moja, mbili." Akainua macho kwenye saa ya dhahabu. Hapo akasita, kwa mazoea, akisubiri nimkatize.

Sikumkatiza.

"Saa nane," akasema Mafuru, "na dakika kumi na mbili."